Mawimbi ya Intaneti na Banda la Uani

Katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, palikuwa na mama mmoja fundi wa kushona nguo. Nyumba yake ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na uani, mwendo wa hatua hamsini kutoka mlango wa nyuma, lilikuwako banda la mabati alimoweka vyerehani vyake. Wateja wake walimpelekea picha za mishono na vipimo kwa simu, naye alizipokea kwa intaneti iliyokuwamo nyumbani. Lakini kila alipoingia bandani, simu yake ilinyamaza kama mtu aliyezibwa kinywa.

Siku moja asubuhi mteja alimwandikia kwamba nguo nne za arusi zatakiwa Alhamisi, wala si Jumamosi. Habari ile haikufika bandani. Mama aliiona usiku wa Jumatano, aliporudi nyumbani. Akakesha akishona hata alfajiri, lakini nguo tatu tu ndizo zilizokwisha. Ya nne ikapewa fundi mwingine, na malipo yake yakapotea.

Mwanawe, kijana wa shule ya sekondari, alisikitika sana. Akaenda dukani, akanunua chombo kidogo kiitwacho ripita, ambacho kazi yake ni kupokea mawimbi ya intaneti na kuyarusha tena. Akakichomeka bandani, karibu na cherehani. Taa yake ikawaka, na simu ikaonyesha alama zote. Hata hivyo hakuna picha iliyopita. Ndipo akaenda kwa mzee mmoja, fundi wa umeme, kumwuliza.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Chombo chako si kibovu, ila umekiweka mahali pasipofaa. Mtu akipiga mbiu kilimani, nawe wataka habari ifike bondeni, utamweka wapi mpokezi wake?”

“Katikati ya njia, babu, mahali anapoweza kusikia.”

“Vema. Wewe umemweka bondeni. Yeye mwenyewe hasikii; atatangaza nini? Simu yakuonyesha kwamba mpokezi yu karibu nawe, wala haikuonyeshi kama amesikia neno lolote.”

Ndani ya nyumba yenye intaneti kuna chombo kiitwacho ruta. Ruta hurusha mawimbi ya redio, ambayo jicho haliwezi kuyaona. Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kuwako kwa mawimbi ya namna hii, kati ya mwaka 1886 na 1889. Huenda kasi kama mwanga, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kanuni za kwanza za kuyatumia kwa intaneti isiyo na waya, ambazo ruta za nyumbani zilitokana nazo, zilitolewa mwaka 1997.

Mara nyingi ruta hutumia mawimbi ya namna mbili. Ya kwanza ni ya gigahezi 2.4, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimeta 12. Haya hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali. Ya pili ni ya gigahezi 5, na wimbi lake ni kama sentimeta 6. Haya huchukua habari nyingi kwa upesi, lakini hudhoofika mapema.

Mawimbi hayo yana adui watatu. Wa kwanza ni umbali: hata mahali peupe, umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo tu. Wa pili ni kuta nene na vitu vyenye maji, kama majani mabichi ya miti, ambavyo humeza sehemu ya nguvu. Wa tatu ndiye mkali kupita wote, nao ni bati na chuma, kwa maana huyarudisha mawimbi kama kioo kirudishavyo mwanga.

Fundi akamwagiza kijana azime ripita, kisha atembee na simu kutoka nyumbani mpaka bandani, akisimama kila hatua kumi na kuandika alama alizoziona. Mlangoni pa nyumba aliona alama tatu. Katikati ya uwanja, mbili. Mbele ya banda, moja. Alipoingia na kufunga mlango wa bati, hata hiyo moja ikatoweka. Tena wakaona kwamba ruta yenyewe iliwekwa sakafuni, nyuma ya kabati la chuma.

Basi kwanza wakaihamisha ruta, wakaiweka juu karibu na dirisha lielekealo uani. Mbele ya banda pakapatikana alama tatu, wala hakuna senti iliyotumika. Ndani bado palikuwa pagumu kwa sababu ya mabati. Ripita ingaliweza kuwekwa dirishani pa nyumba, lakini mawimbi yake nayo yangaligonga bati lile lile. Tena ripita nyingi za bei nafuu hupokea na kurusha kwa zamu, hivyo upesi wa intaneti hupungua kama nusu.

Fundi akashauri njia iliyo thabiti, yaani waya. Waya wa shaba wa intaneti waweza kufika meta 100, na uwanja ule haukufika hata nusu yake. Lakini shaba hupitisha umeme, na radi ikipiga karibu yaweza kuharibu vyombo vya pande zote mbili. Kwa hiyo wakachagua waya wenye uzi wa kioo, upelekao habari kwa mwanga, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Kijana akachimba mtaro, wakaupitisha waya ndani ya bomba la plastiki, wakaufukia. Bandani wakaweka chombo cha pili cha kurusha mawimbi. Sasa yale mabati hayakuwa kizuizi tena, maana mawimbi yalizaliwa ndani yake.

Jioni ile simu ya mama ililia bandani. Alikuwa mteja yule wa arusi, akiuliza kama mama angepokea kazi ya sare za kwaya. Mama akajibu papo hapo, mguu wake ukiwa bado juu ya cherehani.

Kijana alitumia fedha kabla ya kupima, akakosa. Alipouliza na kupima, akafaulu. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini ripita haikufaa kitu ilipowekwa bandani?
2. Taja adui watatu wa mawimbi. Yupi aliye mkali kupita wote, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini walichagua uzi wa kioo badala ya shaba?
4. Tembea nyumbani kwenu na simu au redio ndogo. Andika ni wapi mawimbi yana nguvu, na ni wapi yamedhoofika. Kisha eleza sababu.