Mkono Mmoja, Bendera Mbili: Sanaa ya Kuagizwa katika Michoro ya Merikebu ya akina Van de Velde

1. Utangulizi

Suala la msanii na mfadhili wake si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Kila tunapozisoma tenzi zilizotungwa kwa kuombwa na watawala, swali huzuka: je, kazi iliyoagizwa na kulipiwa yaweza kusema kweli? Wapo wanaoshikilia kwamba msanii akishapokea ujira huwa ameuza ulimi wake. Wapo wengine wanaolipuuza agizo kabisa, wakaisoma kazi kana kwamba ilishuka yenyewe kutoka mawinguni. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba misimamo yote miwili ina kasoro.

Ili kulitazama suala hili kwa jicho pevu, tutatoka kwa muda katika uwanja wa maneno na kuingia katika uwanja wa wino na rangi. Mfano wetu ni Waholanzi wawili wa karne ya 17, baba na mwana, wote wakiitwa Willem van de Velde. Baba alizaliwa Leiden mnamo 1611, na mwana akazaliwa mjini humo humo mwaka 1633. Wote wawili walipata riziki kwa kuchora merikebu, na kazi zao nyingi ziliagizwa. Hoja yetu ni kuwa agizo halifuti ukweli wa kazi ya sanaa. Agizo huamua ni ukweli upi utakaowekwa mbele na upi utakaoachwa nyuma.

2. Shahidi katika chombo kidogo

Van de Velde baba hakuchora vita kwa kusimuliwa. Alikwenda baharini pamoja na manowari za Uholanzi, akiwa ndani ya chombo kidogo chepesi, akazungukazunguka pembezoni mwa mapigano huku karatasi ikiwa mapajani. Katika Vita vya Siku Nne vya Juni 1666, baina ya Waholanzi na Waingereza, alipewa chombo cha kumpeleka popote alipotaka ili achore aliyoyaona. Michoro hiyo ya haraka, aliyoichora kwa kalamu ya risasi na kuitia kivuli kwa wino mwepesi, ndiyo iliyokuwa akiba yake. Aliporejea nchi kavu, aliikuza kuwa kazi kubwa alizozichora kwa kalamu na wino juu ya ubao au turubai iliyopakwa rangi nyeupe. Kila kamba, kila mlingoti na kila mdomo wa mzinga ulichorwa kwa mstari mwembamba. Wenye kuagiza walikuwa watu wa bahari, na mtu wa bahari hadanganyiki kuhusu kamba za chombo chake.

Jambo la kuvutia zaidi limo katika kazi yake ya mwaka 1657, inayoonyesha vita vya Terheide vya 1653. Miongoni mwa manowari zilizofunikwa na moshi kuna chombo kidogo, na ndani yake ameketi mtu anayechora. Mtu huyo ni Van de Velde mwenyewe. Kwa kujiweka ndani ya mchoro, anamwambia mtazamaji kwamba alikuwapo na kwamba aliyoyachora aliyashuhudia. Basi, hata katika kazi ya kulipiwa, msanii alijitengea pembe yake.

3. Agizo kutoka kwa adui

Mwaka 1672 ulikuwa mwaka wa maafa kwa Uholanzi. Ufaransa iliivamia kwa nchi kavu, nayo Uingereza ikaishambulia baharini. Mnamo Juni mwaka huo, Van de Velde baba alikuwa upande wa Waholanzi katika vita vya Solebay, karibu na pwani ya mashariki ya Uingereza, akichora kama kawaida yake. Kabla ya majira ya baridi yaliyofuata kwisha, yeye na mwanawe walikuwa wamehamia Uingereza. Vita baina ya nchi hizo mbili vilikuwa bado havijamalizika. Amani ilipatikana mwaka 1674.

Mwaka huo huo wa 1674, Mfalme Charles II aliwapangia mshahara wa pauni 100 kila mmoja kwa mwaka. Mgawanyo wa kazi ulitajwa wazi: baba achore mapigano ya baharini, na mwana aitie michoro hiyo rangi. Walipewa pia chumba cha kufanyia kazi katika Jumba la Malkia, Greenwich.

Je, huu ulikuwa usaliti? Wahenga walisema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hiyo yaweza kumtetea msanii, lakini pia yaweza kumshtaki, kwa maana inategemea mradi wenyewe ni upi. Nchi ilikuwa imevamiwa, na soko la michoro lilikuwa limedorora. Hakuna haja ya kutafuta sababu ya mbali. Hata hivyo, badala ya kuwahukumu watu, ni bora tuzihoji kazi zao.

4. Kazi zenyewe zinasema nini?

Miongoni mwa kazi alizofanyiwa mfalme ni michoro ya kufumiwa mapazia makubwa ya ukutani, yanayoonyesha vita vya Solebay. Michoro ya awali, iliyochorwa upande wa Waholanzi mwaka 1672, ndiyo iliyotumika kumpambia kuta mfalme wa Uingereza. Ushahidi ulikuwa ule ule. Aliyebadilika ni mwenye kuta.

La kushangaza ni kwamba pazia mojawapo linaonyesha merikebu ya Royal James ikiteketea. Hii ilikuwa manowari ya Waingereza wenyewe, iliyochomwa na chombo cha moto cha Waholanzi, na kamanda wake, Earl wa Sandwich, akafa maji. Tungetazamia mfalme aagize ushindi mtupu. Kumbe hata hasara yaweza kuagizwa ikiwa imebeba ushujaa. Kwa hiyo, dhana kwamba agizo huzaa sifa tupu haina mashiko.

Van de Velde mwana naye, akiwa London mwaka 1687, alichora merikebu ya Gouden Leeuw katika vita vya Texel vya 1673. Hiyo ilikuwa manowari ya Cornelis Tromp, jemadari wa Uholanzi, nayo imetawala mchoro mzima kwa fahari. Msanii aliyekuwa akiishi kwa Waingereza hakusita kuwatukuza Waholanzi.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo bendera zote mbili zilikubaliana kulipunguza. Katika michoro hii, wahusika wakuu ni merikebu. Mabaharia ni wadogo mno, na maumivu yao humezwa na moshi na ukubwa wa matanga. Tunazijua manowari kwa majina. Waliokufa ndani yake hatuwajui. Hapa ndipo mkono wa agizo unapoonekana waziwazi.

5. Funzo kwa mwanafunzi wa fasihi

Tukirudi nyumbani, tunakumbuka kuwa Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728 kwa kuombwa na mtawala wa Pate. Yeye, tofauti na Van de Velde, alisimulia vita vilivyopiganwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya zama zake. Lakini mazoea ya watunzi wa tenzi ya kujitaja mwishoni mwa kazi yanakaribiana na yule mchoraji ndani ya chombo: ni pembe ya msanii ndani ya mali ya mwingine.

Kwa hiyo, tunapohakiki kazi ya kuagizwa, tujiulize maswali manne. Kwanza, nani aliagiza, naye alitaka kuona nini? Pili, msanii aliyapata wapi anayoyasimulia: kwa macho, kwa masikio au kwa vitabu? Tatu, amejiweka wapi ndani ya kazi yake? Nne, ni nani ambaye hakuagiza wala hakulipa, na kwa sababu hiyo haonekani?

6. Hitimisho

Baba alifariki mwaka 1693 na mwana mwaka 1707, wote wakiwa Uingereza. Wafalme na majemadari walioagiza kazi hizo wamekwisha kupita, na uhasama wao haumgusi tena mtazamaji wa leo. Kilichobaki ni kamba, milingoti na moshi, vilivyochorwa na mtu aliyekuwapo. Mhakiki asiyeliona agizo atadhani ameona vita vyote, na yule asiyeona chochote ila agizo hatamwona mtu aliyeketi ndani ya chombo kidogo akichora. Wajibu wetu ni kuwaona wote wawili, kisha kuwatafuta wale waliozama bila kutajwa.