Kastadi: Manjano Yake Si ya Mayai

Bakuli la kastadi likiwekwa mezani, manjano yake yaliyokolea huwafanya wengi waamini kuwa ndani mna mayai. Kastadi ya unga, ile inayopikwa katika nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hasa mwezi wa Ramadhani, haina hata kiini kimoja. Unga wake ni wanga wa mahindi, chumvi kidogo, ladha ya vanila na rangi. Rangi hiyo huweza kutokana na mbegu za mzingefuri, mti ambao wageni huonyeshwa katika mashamba ya viungo Unguja. Na ndivyo unga huo ulivyokusudiwa tangu mwanzo, uwe bila mayai. Mwaka 1837, huko Birmingham, Uingereza, Alfred Bird aliutengeneza kwa ajili ya mkewe, ambaye mayai yalikuwa yakimdhuru.

Kwa hiyo, karibu lishe yote ya kastadi ya unga inatoka kwenye maziwa. Ukiupika kwa maji matupu, unapata uji wa wanga uliotiwa rangi na sukari. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kastadi hupelekewa wagonjwa, wazee wasioweza kutafuna na watoto wanaokataa chakula, kwa imani kuwa inatia nguvu. Inatia nguvu ikiwa maziwa yamo, tena ya kutosha.

Tuchukue kipimo cha kawaida: nusu lita ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, vijiko viwili vya chakula vya unga wa kastadi na vijiko vitatu vya sukari. Sufuria nzima ina kalori zipatazo 530. Ukiigawa kwa watu wanne, kila mmoja anapata kalori kama 130, protini gramu 4, mafuta gramu 4 hivi, na kalisi miligramu 140 au zaidi kidogo. Sukari uliyotia mwenyewe inafika gramu 9 kwa kila bakuli. Juu yake kuna sukari ya asili ya maziwa, kama gramu 6, na wanga wa unga usiozidi gramu 5. Ni kitindamlo chepesi kuliko watu wanavyodhani, mradi mkono wa mpishi usilemee upande wa sukari.

Pudini ya mayai, ile inayochomwa sukari chini ya chombo kisha ikapikwa kwa mvuke, ni chakula kingine kabisa. Mayai manne na nusu lita ya maziwa hutoa protini kama gramu 40, yaani karibu gramu 7 kwa kila mmoja wakila watu sita. Yai huleta pia vitamini A, D na B12, pamoja na kolini, ambayo mjamzito anaihitaji kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kolesteroli ipo, takriban miligramu 185 kwa yai moja, na aliyeshauriwa na daktari kuipunguza aikumbuke.

Lakini pudini hiyohiyo hula sukari nyingi: gramu 100 ndani ya mchanganyiko na gramu 50 za kuchoma si jambo la ajabu. Gawanya kwa sita, upate gramu 25 kwa kipande. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni hizo gramu 25. Kipande kimoja kimeshamaliza kiwango hicho, na bado hajanywa chai, juisi wala kugusa kaimati.

Maziwa mazito ya kopo huzidisha mambo. Kopo moja la gramu 397 lina sukari zaidi ya gramu 200, na wapo wanaolimimina lote kisha wakaongeza sukari. Ukilitumia, usitie sukari nyingine hata kijiko. Krimu nayo, vijiko viwili tu vya ile nzito, huongeza kalori kama 100, karibu zote za mafuta. Trafeli ya sherehe yenye keki, jeli, kastadi na krimu isihesabiwe kama bakuli la kastadi. Ni mlo.

Njia bora ya kupunguza sukari ni kuipunguza kidogo kidogo kila unapopika, huku iliki, vanila na ndizi iliyoiva vizuri vikishika nafasi yake. Baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Kastadi haina nyuzinyuzi za kutajika, vitamini C wala madini ya chuma ya kutosha, na hapo ndipo matunda yanapofaa. Embe huleta vitamini A na C, papai vilevile. Ila papai bichi na nanasi bichi, kwa maana ya lisilopikwa hata kama limeiva, vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa. Ukivichanganya mapema kastadi hulegea na kupata uchungu. Vitie wakati wa kula.

Mwenye kisukari asiangalie sukari pekee, maana wanga wa unga na sukari ya maziwa navyo hupandisha sukari ya damu. Bakuli tulilolipima mwanzo lina kabohaidreti kama gramu 20 kwa jumla, na hizo ndizo za kuingiza katika hesabu ya mlo wake. Anayevurugwa tumbo na maziwa ajue kuwa kuyachemsha hakuondoi sukari yake ya asili. Tui la nazi humfaa kwa tumbo na ladha ni nzuri mno, lakini lina kalisi na protini kidogo kuliko maziwa, na tui zito lina mafuta mengi. Kwa hiyo atafute protini yake kwingine.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi 6 na kuanza vyakula laini, pudini ya mayai isiyo na sukari kabisa ni chakula kizuri sana, yai likiwa limeiva vizuri. Ianze kwa kijiko kimoja, na mama aangalie kama kuna vipele, uvimbe au kutapika. Asali isitumike badala ya sukari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwani inaweza kuwa na vijidudu vya sumu hatari kwake.

Lililobaki ni usalama. Maziwa, mayai na joto la pwani ni mazingira yanayopendwa na bakteria. Koroga unga kwanza kwa maziwa baridi ili usifanye madonge, kisha acha kastadi itokote kabisa. Ya mayai ipikwe kwa moto mdogo hadi katikati igande. Isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali hata saa moja inatosha. Imimine kwenye vyombo vipana vifupi ili ipoe haraka, ifunike, iingie kwenye friji, na iliwe ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika usiku kucha na friji likapoteza ubaridi wake, imwage hata kama hainuki, kwa sababu vijidudu vinavyowafanya watu waugue mara nyingi havibadilishi harufu wala ladha.