Somo: Kuwasomea Watoto Kitabu cha Picha cha Krismasi



Krismasi ikikaribia, watoto wetu huongea juu ya nguo mpya na chapati. Lakini ziko nyumba ambazo hazitapata nguo wala chapati, na mtoto wa hapo aweza kudhani sikukuu imempita. Kitabu kimoja cha picha, kikisomwa vizuri, chaweza kumwonyesha kwamba si hivyo. Tufanyeje basi?

1. Tujitayarishe
Tusome kwanza Luka 2 na Mathayo 2, tujue lipi limeandikwa na lipi ni la mchoraji. Punda, kwa mfano, hatajwi katika safari ya Bethlehemu. Mamajusi hatuambiwi walikuwa wangapi. Zawadi ndizo zilizokuwa tatu. Mtoto akimfurahia punda, tumwache afurahi. Akiuliza, tumjibu kweli.

2. Tusome polepole
Watoto wakae karibu, picha ziwaelekee wao. Tukimaliza ukurasa, tunyamaze kidogo waangalie. Tusigeuze mbio mbio. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, tuwasimulie kwa lugha ya nyumbani. Nyanya asiyejua kusoma naye asijitenge: picha anaziona na hadithi anaijua.

3. Tuulize
"Mnaona nini? Mtoto amelala wapi? Mbona pale?" Watoto wa mashambani wanalijua hori, ng'ombe wa nyumbani hulia humo. Watashangaa, na hapo ndipo penye somo. Yusufu na Mariamu hawakuwa na mali. Walipompeleka mtoto hekaluni, Luka 2:24 yataja sadaka ya ndege wawili. Na kwa Walawi 12:8, hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Tena waliopewa habari kwanza ni wachungaji waliokuwa kazini usiku. Basi mtoto asiye na nguo mpya hayuko nje ya hadithi hii. Yumo ndani kabisa. Lakini tusimtaje mtoto yeyote kwa jina, asije akaona haya.

4. Tuigize
Vitabu vingi vya Krismasi vimetoka Ulaya na Marekani, vimejaa theluji. Tuwaeleze kwamba mchoraji alichora kwao. Katika miaka ya 1970, Wakristo wa Kimafa wa kaskazini mwa Kamerun waliigiza habari za Yesu kijijini mwao, wakapigwa picha, na kutokana nazo zikachorwa picha zilizoenea nchi nyingi. Nasi twaweza kuigiza: leso ya mama, fimbo ya kuchungia, boksi lenye nyasi. Kila mtoto apate sehemu, hata ya kondoo.

Kazi ya juma hili
Tuchague kitabu kimoja, tuwasomee watoto jioni tatu. Jioni ya tatu tuwape wao kitabu, watusimulie kwa kufuata picha. Wakisema "tena", tusichoke.