Somo la Kumi na Nne: Kupima Hatari Kabla ya Safari

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza kwamba Jua hutupatia mwanga na joto. Jua hutoa pia chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo husafiri kwa kasi kubwa sana. Chembe nyingine hutoka mbali zaidi, kwenye nyota zilizolipuka. Chembe hizi zinazosafiri huitwa mnururisho wa anga za juu.

Sisi tuishio duniani tunazo ngao mbili. Ngao ya kwanza ni hewa inayoizunguka dunia. Ngao ya pili ni nguvu ya sumaku ya dunia, ile ile inayoielekeza sindano ya dira. Mwanaanga aendaye Mwezini huziacha ngao hizo nyuma yake.

1. Mnururisho hudhuru nini?

Chembe ya mnururisho ikipita mwilini huweza kuharibu seli. Zikiharibika chache, mwili huweza kuzitengeneza. Zikiharibika nyingi kwa muda mfupi, mtu hutapika, huishiwa nguvu, na huweza kufa. Madhara mengine, kama vile ugonjwa wa saratani, huweza kutokea baada ya miaka mingi.

Vyombo navyo havisalimiki. Kompyuta hutunza habari zake kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Chembe moja ikigonga mahali pabaya, 0 huweza kugeuka kuwa 1, na kompyuta ikatoa amri isiyokusudiwa. Juu ya Atlantiki ya Kusini nguvu ya sumaku ya dunia ni dhaifu, na chembe nyingi hushuka chini zaidi kuliko mahali pengine. Kwa sababu hiyo darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, imekuwa ikisitisha upimaji wake kila ipitapo katika eneo hilo.

2. Dhoruba ya Agosti 1972

Mwezi wa Aprili 1972 wanaanga wa Marekani walikwenda Mwezini katika safari ya Apollo 16. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wenzao walikwenda katika safari ya Apollo 17. Kati ya safari hizo mbili, mwezi wa Agosti, Jua lilichafuka likarusha chembe nyingi mno kwa siku chache. Siku zile hapakuwa na mtu Mwezini. Kama dhoruba hiyo ingewakuta wanaanga wakitembea nje ya chombo chao, wangeweza kuugua vibaya.

Wanaanga waliokolewa na bahati. Je, ni busara kuitegemea bahati katika safari nyingine?

3. Njia tatu za kuiga hatari

Hatuwezi kumweka mtu hatarini ili tuone kama atadhurika. Badala yake, huiga hatari hiyo. Kuiga ni kufanya jambo linalofanana na lile la kweli, ili tujifunze bila kumdhuru mtu.

Njia ya kwanza ni mashine. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Marekani, shirika la anga la NASA lilifungua mahali pa majaribio mwaka 2003. Hapo chembe hukimbizwa mpaka kasi yake ikaribie kasi ya mwanga. Kisha huelekezwa kwenye seli, kwenye sehemu za kompyuta, au kwenye kipande cha ukuta wa chombo, na wataalamu huchunguza kilichoharibika.

Njia ya pili ni sanamu. Tarehe 16 Novemba 1922 bado hapakuwa na roketi iendayo Mwezini; miaka 100 baadaye, tarehe 16 Novemba 2022, chombo Orion kilirushwa kuuzunguka Mwezi bila mtu ndani yake. Kilibeba sanamu mbili za kiwiliwili cha mwanamke, Helga na Zohar. Zilitengenezwa kwa vitu vinavyofanana na mifupa na nyama ya mwili, na ndani yake vilipangwa vipimo vingi vya mnururisho. Zohar alivishwa fulana ya kinga, Helga hakuvishwa. Chombo kilirudi tarehe 11 Desemba 2022. Kuizunguka dunia kuna ukanda wa chembe zilizonaswa na sumaku yake. Vipimo vilionyesha kwamba chombo kilipogeuzwa upande wakati wa kuvuka ukanda huo, mnururisho ulioingia ndani ulipungua kwa karibu nusu.

Njia ya tatu ni hesabu. Kompyuta huifuata chembe moja baada ya nyingine, na katika kila hatua huuliza: Je, imepita au imesimama? Wewe pia unaweza kufanya hivyo.

Jaribio: Chembe na kuta

Unahitaji: kokoto 40, sarafu moja, daftari na kalamu.

Fanya hivi:
(a) Chora mistari mitatu ardhini. Kila mstari ni ukuta, na kila kokoto ni chembe.
(b) Chagua upande mmoja wa sarafu uwe "pita" na wa pili uwe "simama".
(c) Rusha sarafu mara moja kwa kila kokoto. Ukipata "pita", ivushe kokoto mstari wa kwanza. Ukipata "simama", iache.
(d) Rudia hivyo katika mstari wa pili, kwa kokoto zilizovuka wa kwanza tu. Kisha fanya mstari wa tatu.
(e) Andika idadi ya kokoto zilizovuka kila mstari.

Linganisha majibu yako na ya wenzako. Hayatalingana sawasawa. Lakini mkijumlisha majibu ya darasa zima, mtaona kwamba karibu nusu ya kokoto zote zilivuka ukuta wa kwanza, robo ukuta wa pili, na sehemu moja kati ya nane ukuta wa tatu. Ndiyo maana kompyuta hufuata mamilioni ya chembe, si 40 tu.

4. Hesabu lazima ipimwe

Kokoto zako hazikuvunjika. Chembe nzito, ikigonga ukuta wa chuma, huweza kupasua na kupasuka, na vipande vikaendelea ndani. Kwa hiyo kuongeza unene wa ukuta wa metali hakutoshi kila mara. Maji na plastiki, vyenye haidrojeni nyingi, hukinga vizuri zaidi kuliko alumini ya uzito ule ule. Hesabu inayosahau jambo hili humpa mwanaanga matumaini ya uongo. Hivyo wataalamu hulinganisha hesabu na mashine, kisha na sanamu, kabla ya kumruhusu mtu kusafiri.

Maswali

1. Taja ngao mbili zinazotukinga na mnururisho.
2. Kwa nini Helga hakuvishwa fulana ya kinga?
3. Mnururisho huwezaje kuipotosha kompyuta?
4. Rudia jaribio kwa kokoto 10 tu. Majibu yako yanaaminika zaidi au kidogo? Eleza sababu.