Kunoa Kisu cha Kuchongea

Mpingo ni mti mgumu sana, nao Wamakonde huuchonga sanamu. Mti huo huondoa makali upesi. Kwa hiyo mchongaji hunoa kisu chake mara nyingi. Wengine hudhani kwamba kisu butu hakina hatari. Sivyo. Kisu kisichopata hutaka nguvu nyingi. Basi huteleza ghafula, kikaukata mkono au kikaharibu kazi ya siku nyingi.

Mchongaji hukimwagia maji kinoo, akalaza bapa la kisu juu yake, akiinua mgongo kidogo tu. Husugua upande mmoja mpaka chuma chembamba kipinde ukingoni, upande wa pili; kisha hugeuza, akafanya vivyo hivyo. Mwisho hukivuta kisu juu ya ngozi, mgongo ukitangulia, mpaka chuma kile kilichopinda kiondoke.

Kisu hakijaribiwi kwa kupitisha kidole juu ya makali. Kwanza huelekezwa kwenye mwanga: makali butu huonyesha mstari unaong'aa, bali makali mema hayaonyeshi kitu. Kisha hukatwa kipande cha mti laini kwa kukingama, si kwa kufuata nyuzi. Mti laini ndio shahidi wa kweli, maana nyuzi zake hupondeka chini ya kisu butu. Mkato ukiwa safi, kisu chapata. Nyuzi zikichanika, kirudi kinooni. Kinolewacho hupata.

Maswali
1. Kwa nini kisu butu kina hatari?
2. Kwa nini kisu hujaribiwa kwa mti laini?