Somo: Uvimbe wa Taya la Mutoto na Kazi ya Laboratwari

Shavu la mutoto likivimba, watu wa nyumba wanasema: «Ni jino tu.» Mara nyingi ni kweli. Lakini uvimbe unaokua upesi, unaolegeza meno, unaweza kuwa kansere inayoitwa Burkitt. Mara ingine inavimbisha tumbo au jicho. Inashika zaidi watoto wa inchi za joto zenye malaria nyingi. Munganga Denis Burkitt aliandika habari yake mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Kampala, Uganda.

1. Namna gani tunaijua?

Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu uvimbe wa namna nyingi unafanana, na dawa zake si moja. Kwa hiyo munganga anakata kipande kidogo na kukituma laboratwari.

Mutoto akichanjwa surua, mwili wake unafanya askari wanaojua surua tu. Askari hao wanaitwa antikori. Kila antikori inashika kitu chake, kama vile ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1975 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kufanya antikori nyingi za namna moja ndani ya laboratwari.

Sasa antikori hizo zinawekwa juu ya kile kipande, kisha rangi inatiwa. Moja inashika alama inayoitwa CD20, iliyo juu ya chembe za damu ambamo kansere hii inaanzia. Ingine inashika protini MYC, inayoamuru chembe zizae bila kupumzika. Penye kushikwa panaonekana rangi katika mikroskope. Hapo munganga anajua adui ni nani, na dawa gani itamufaa mutoto.

2. Maulizo ya wamama

Kukata kipande kutaeneza ugonjwa?
Hapana. Kisu cha munganga hakileti kansere. Kukawia ndiko kunakoua, kwa maana uvimbe huu unaweza kuzidi mara mbili kwa siku chache tu.

Mutoto ataambukiza wadogo zake?
Hapana. Mupe chakula, mulaze pamoja nao.

Ni uchawi?
Hapana. Ni ugonjwa wa chembe za mwili.

Unaweza kupona?
Ndiyo. Watoto wengi wanapona kwa dawa za kansere, wakifika mapema na kumaliza dawa zote.

3. Mama afanye nini?

— Uvimbe ukizidi, hata kama jino limeng'olewa, rudi hospitali juma hilohilo.
— Hapana kuuchanja wala kuuchoma nyumbani.
— Laboratwari yenye antikori hizo mara nyingi iko mbali. Uliza siku ya jibu, na usimurudishe mutoto kijijini mbele munganga hajakubali.
— Uvimbe ukipungua, usiache dawa. Kupungua si kupona.
— Kila usiku laza mutoto ndani ya musitikere, maana malaria ya mara kwa mara inafungulia ugonjwa huu njia.

Mama, ukimuona mutoto wa jirani ana shavu la namna hii, usinyamaze. Musindikize mama yake mpaka kwa munganga.