Land Rover ya baba mdogo na pesa ya kahawa

Gari hushuka thamani tangu siku linapovuka geti la bandari, na mengi huendelea kushuka hadi kwenye mzani wa vyuma chakavu. Machache hufika chini kabisa, yakatulia huko kwa miaka kadhaa, kisha bei yake ikaanza kupanda tena kwa sababu isiyohusiana na usafiri: watu huyatafuta kama kumbukumbu. Anayenunua gari kuukuu leo ili aliuze ghali kesho anabahatisha mambo mawili, ni lipi kati ya hayo machache na litageuka lini.

Swali la namna hiyo limetoka kwa msomaji wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, mwalimu mwenye shamba la kahawa. Baba yake mdogo, mstaafu anayeishi karibu na Omurushaka, Karagwe, anauza Land Rover 109 Series III iliyolala chini ya mparachichi kwa miaka 7. Anataka shilingi milioni 6. Msomaji ana milioni 9 za msimu wa kahawa. Mdogo wake aliyeko Arusha anamsihi ainunue, aifungie miaka 10, kisha aiuze kwa bei ya kumjengea nyumba. Mkewe anataka fedha hiyo inunue mabati na ilipe ada ya mtoto anayeingia kidato cha tano. Msomaji anauliza amsikilize nani, na kama kumkatalia baba mdogo ni utovu wa adabu.

Kuhusu jina la gari, mdogo mtu hakukosea. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Series III ilitoka mwaka 1971 na kuundwa hadi 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu mita 2.8. Katika nchi hii gari hilo limebeba mabwana shamba, wauguzi wa chanjo, mapadri na wachungaji, na katika Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 lilibeba askari. Gari la mwisho la ukoo huo, Defender, lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari zaidi ya 1,000 yakajipanga. Mji wenye wapenzi wengi hivyo hauwezi kukosa wanunuzi, na mdogo wa msomaji anaishi katikati yao.

Bei kubwa kabisa zinazosimuliwa, hata hivyo, ni za ng'ambo. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutakiwa kufikia viwango vya usalama vya magari mapya. Ulaya, gari huweza kuhesabiwa la kihistoria likishafikisha miaka 30. Utaratibu wa namna hiyo umesaidia Land Cruiser za familia ya 40, zilizoundwa tangu 1960 hadi 1984, kutoka kwenye kazi za shamba na kuingia kwenye minada ya matajiri. Lakini mnunuzi wa Texas hulipia gari lililokwisha kufika Texas. Kutoka Karagwe hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300; baada ya hapo kuna wakala wa forodha, meli, bima, na usukani wa kulia ambao Wamarekani wengi hawauzoei.

Majirani nao hawasaidii. Akisimama Murongo, mtu wa Kyerwa anaitazama Uganda ng'ambo ya Mto Kagera, ila sheria ya huko ya mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. Kenya kikomo ni miaka 8. Nairobi kuna mashindano ya magari ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, na fedha za kununulia magari ya kale zipo, lakini gari kutoka Omurushaka haliwezi kwenda kusajiliwa huko kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo mnunuzi wa kutegemea yuko ndani ya nchi: Arusha, Moshi, Mwanza, Dar es Salaam. Kayanga hayupo. Kayanga mtu hununua gari la kumfikisha Kyaka na kumrudisha.

Na huyo mnunuzi wa Arusha anatafuta kitu ambacho mafundi wa Kagera, kwa ustadi wao, wamekuwa wakikiondoa. Land Rover iliyofanya kazi Kaisho au Mabira kwa miaka 40 haikubaki barabarani kwa bahati. Injini ya petroli ilipochoka iliwekwa ya dizeli ya Kijapani. Gia boksi ikafuata, kisha taa, kisha viti. Nyuma pakaongezwa vyuma ili mikungu ya ndizi ipande mingi zaidi. Kila hatua ilikuwa ya busara, kwani gari linalolala siku ya gulio ni hasara tupu. Kwa mkusanyaji wa magari ya kale kila hatua hiyo ni punguzo la bei. Ndiyo maana Land Rover inayotembea vizuri leo yaweza kuwa na thamani ndogo kesho kuliko ile iliyozimika ikiwa na injini yake ya kuzaliwa nayo. Kulala miaka 7 chini ya mparachichi si kasoro kubwa. La muhimu ni kujua imelala ikiwa na nini.

Ukaguzi huanza na kadi. Land Rover nyingi za wilaya hizi zilianza maisha yake serikalini, kwenye mashirika ya umma, misheni au miradi, zikauzwa kwa mnada, zikapita mikono mitatu minne kwa hati za kuandikiana mezani bila umiliki kuhamishwa TRA. Matokeo yake kadi ina jina la mtu aliyefariki zamani. Hapo mnunuzi hanunui gari, ananunua safari ya Mahakama ya Mwanzo kumtafuta msimamizi wa mirathi. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi lina deni lake pia, kwa kuwa kodi hudaiwa linapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Na kama bado lina namba za zamani za TZ, halikuwahi kuhamishiwa kwenye namba za T, msomaji aulize TRA kabla ya kuuliza bei. Injini ikiwa imebadilishwa, badiliko hilo linatakiwa liwe limeandikwa kwenye kadi. Kadi inayosema petroli juu ya gari la dizeli humkimbiza mnunuzi makini papo hapo.

Baada ya kadi, ni kulala chini na tochi. Aluminiamu ya bodi hudanganya macho: mlango unang'aa, ubavu umenyooka, kumbe chesisi ni ya chuma na imekuwa ikinywa maji ya masika na vuli. Udongo mwekundu wa Karagwe hujaa ndani ya chesisi, hukaa na unyevu miezi mingi, na kutu huanzia ndani kuja nje. Njia ya kupima ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mfu, na wakati mwingine nyundo huzama. Sehemu za kugonga ni nyuma kabisa, chini ya mahali pa kufungia tela, kwenye mashikio ya springi, na kwenye ule ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva. Viraka vilivyochomelewa vihesabiwe, na fundi aliyevichomelea atafutwe aulizwe alikuta nini. Kisha namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, baada ya kusugua matope, na ilinganishwe na kadi tarakimu kwa tarakimu.

Anayetazama Land Cruiser badala ya Land Rover ana msaada mmoja zaidi. Herufi za mwanzo kwenye kibati cha gari husema lilizaliwa na injini ipi: FJ ni petroli ya silinda 6, BJ ni dizeli ya silinda 4, HZJ ni ile dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 ambayo kila fundi wa Omurushaka anaijua. Kibati kikisema BJ na chini ya boneti kuna kitu kingine, gari hilo ni la kazi, na linunuliwe kwa bei ya gari la kazi.

Ikichukuliwa kwamba gari la baba mdogo limefaulu yote hayo, bado kuna hesabu ya miaka 10. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, milioni 6 za leo zinahitaji kuwa karibu milioni 8.9 ili tu zinunue vilevile. Fedha hiyohiyo ikiwekwa mahali panapolipa asilimia 10, na faida ikirudishwa kila mwaka, inafika zaidi ya milioni 15.5, na hatifungani za muda mrefu za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya kiwango hicho katika miaka ya karibuni. Hilo ndilo lango ambalo Land Rover inapaswa kulivuka, pamoja na gharama za kuitunza. Kuna nafuu moja ya kweli: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, kwa hiyo gari lililoegeshwa halizalishi deni hilo. Lakini tairi huoza hata bila kutembea, mipira ya breki hukauka, panya hula nyaya, na tangi la mafuta huota kutu. Kulifufua gari mwaka wa 10 ni bili ya pekee.

Wapo wasomaji wa Karagwe na Kyerwa wasio na Land Rover ya kurithi, wanaotazama magari ya kawaida yanayouzwa kwa bei ya chini. Probox, Noah na Corolla zilizochoshwa na kazi ya mchomoko hazina tumaini la maana. Zimeundwa nyingi mno na hubaki nyingi. Wingi peke yake, hata hivyo, hauamui. Volkswagen kobe iliundwa zaidi ya milioni 21 na bado inatafutwa, kwa kuwa waliopanda kobe utotoni walikua wakapata fedha. Kwa kipimo hicho, Mark II na Chaser za miaka ya mwisho ya 1990, hasa zenye injini ya 1JZ ya turbo, zinatafutwa tayari na vijana wa nchi nyingi. Peugeot 404 na 504, zilizopata sifa katika mbio za Safari, nazo zina wapenzi Afrika Mashariki nzima. Na inauma kukumbuka chai maharage za Dar es Salaam, zile pikapu ambazo abiria walikaa wakitazamana. Zilibeba mji mzima, kisha zikaenda kwenye vyuma chakavu karibu zote kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba zingekumbukwa.

Sasa nyumbani kwa msomaji. Fedha ya kufungia kwenye gari ni ile ambayo familia haitaihitaji kwa miaka 10, hata mwaka mmoja wa mvua mbaya ukipita. Milioni 9 za mwalimu huyu si za aina hiyo. Ada ya kidato cha tano ina tarehe. Akitoa milioni 6 leo, ada ya mwakani ikamkuta mkono mtupu, kitakachouzwa haraka ni kahawa ikiwa bado maua mtini, yaani butura, na kila mkulima wa Kagera anajua butura inavyokula kibanja. Gari lililofungiwa haliuzwi kwa wiki moja. Mnunuzi wake huja baada ya miezi, tena kwa masharti yake. Katika jambo hili mama wa nyumba ameona mbali kuliko wote watatu.

Hilo halimfanyi baba mdogo kuwa wa kukwepwa. Mzee anayeuza gari alilolitunza maisha yake yote anastahili mtu aje akae naye, si ujumbe wa simu. Msomaji aende mwenyewe, na mkewe akiwepo, aseme wazi kwamba fedha ya mwaka huu ina kazi, halafu amfanyie mzee jambo ambalo wengine hawajamfanyia: aipeleke kadi TRA ikahakikiwe, apige picha za kibati, namba ya chesisi, injini na sehemu ya chini, zote za kweli, pamoja na kutu iliyopo. Picha hizo ziende Arusha kwa mdogo wake. Yeye ndiye mwenye imani na gari hilo, ndiye anayeishi karibu na wanunuzi, basi yeye atoe milioni 6, au amtafutie baba mdogo mtu wa kutoa zaidi, maana huenda mzee anaomba bei ya Omurushaka kwa kitu chenye bei ya Arusha. Gari likipata mnunuzi kwa njia hiyo, kifuta jasho cha msomaji kipangwe mbele ya wote wawili kabla mnunuzi hajafika.

Na wakati wote wa kusubiri, gari lisiachwe lilipo. Litolewe chini ya mparachichi, kwa sababu majani na matunda yanayooza hushika maji juu ya bodi. Ekseli zipandishwe juu ya magogo ili tairi zisiguse ardhi, betri itolewe, udongo ndani ya chesisi uoshwe na kuachwa ukauke siku za jua, tangi la mafuta limwagwe, na juu yake pajengwe paa la mabati manne lililo wazi pembeni. Turubai la plastiki lililofungwa hadi chini lisitumike, linafungia unyevu ndani.